Kuchagua Malazi Naivasha kwa Ajili ya Safari Rally: Mwongozo kwa Msafiri wa Kutoka Tanga

Mpenzi wa mbio za magari anayeishi Tanga halazimiki kupanda ndege ili ayaone magari ya kiwango cha dunia, kwa kuwa Safari Rally, iliyorejea katika ratiba ya mashindano ya dunia ya WRC mwaka 2021 baada ya kuwa nje yake tangu 2002, hufanyika Naivasha nchini Kenya, na mpaka wa Horohoro hauko mbali na mji wetu. Mashindano hayo yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Siku hizi yamejikusanya kulizunguka ziwa moja la Bonde la Ufa, na shida ya malazi huanzia hapo: mji ni wa wastani, watazamaji ni maelfu kwa maelfu, na timu, waandishi wa habari na wasimamizi huwa wameshashika sehemu kubwa ya vyumba kabla shabiki wa kawaida hajaanza kuulizia bei.

Wengi wanaotafuta malazi huanza na swali la bei, kisha wakaangalia picha za chumba, na ratiba ya mbio huifungua wakiwa tayari wamelipa. Utaratibu huo unafaa kugeuzwa. Barabara za hatua za mashindano, yaani vipande vya njia ambamo magari hukimbia kwa kupimwa muda, hufungwa muda mrefu kabla ya gari la kwanza kupita, na kwa kawaida kila hatua hukimbiwa mara mbili, asubuhi na tena mchana, hivyo mtu aliyelala upande usiofaa anaweza kukosa mzunguko wa kwanza wote akiwa kwenye foleni. Kulala mbali na hatua unayotaka kuitazama kwa sababu chumba kina bei nafuu ni sawa na kupanga Raskazone ilhali kazi iko Pongwe na ni lazima uripoti alfajiri.

Kwa hiyo pata kwanza ratiba rasmi ya mwaka unaokwenda, uandike ni siku zipi unazitaka kweli. Majina ya hatua na mpangilio wake hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, lakini sura ya jumla imekuwa ikijirudia. Ijumaa magari huzunguka jirani na ziwa, kwenye hatua kama Loldia, Geothermal na Kedong. Jumamosi huelekea kaskazini, upande wa Gilgil na Ziwa Elmenteita, kwenye hatua za Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior. Jumapili hurudi Naivasha na kumalizia Hell's Gate, hatua ya mwisho ambayo hutoa pointi za ziada na ambayo huvuta umati mkubwa. Kuanzia 2021 hadi 2025 Alhamisi ilitumika kwa mzunguko mfupi wa Kasarani, Nairobi, jambo lililowafanya wengi wadhani kwamba kulala Nairobi kunatosha kwa wikiendi nzima. Hakutoshi. Kutoka Nairobi hadi Naivasha ni kiasi cha kilomita 90, na kilomita hizo ni nyepesi siku ya kawaida tu. Asubuhi ya mashindano barabara ya juu inayopitia Limuru na ile ya chini inayoteremka Mai Mahiu hujaa zote mbili, na jioni ya Jumapili hali huwa mbaya zaidi kwa sababu kila mtu anarudi kwa wakati mmoja.

Ukishajua siku zako, angalia ramani ya ziwa. Upande wa kusini inapita barabara ya Moi South Lake, na kando yake ndiko kuliko na hoteli nyingi za kitalii, kambi za mahema, mashamba makubwa ya maua na mitaa ya wafanyakazi kama Karagita. Kwa anayelenga hatua za Kedong, Oserian na Hell's Gate, huu ndio upande wa kulala, na kwa maoni yangu ndio unaofaa kulipiwa zaidi iwapo mfuko unaruhusu. Usisahau tu kwamba hiyo ni barabara moja, inayobeba mabasi ya wafanyakazi wa mashamba, malori, bodaboda na wageni wote kwa pamoja, hivyo kilomita tano zinazoonekana fupi kwenye simu zinaweza kula saa nzima. Ukikuta gesti ya kawaida iliyo ndani zaidi, karibu na njia ya kuingilia hifadhi ya Hell's Gate, ipendelee kuliko hoteli ya kifahari iliyo mwanzo wa barabara.

Mjini Naivasha kwenyewe kuna faida nyingine. Gesti ni nyingi, chakula ni rahisi kupatikana usiku, matatu za kwenda pande zote huanzia hapo, na asiye na gari binafsi hatapata mahali pazuri zaidi. Kasoro yake ni kelele, kwa sababu wikiendi hiyo baa na muziki wa barabarani havilali, na mwenye usingizi mwepesi aombe chumba cha nyuma kisichotazama barabara. Pia uliza kuhusu maji ya ziwa. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda na kuingia katika makazi ya watu, Kihoto ikiwa mojawapo, kwa hiyo nyumba iliyotangazwa kuwa iko hatua chache kutoka ufukweni inahitaji kuulizwa maswali kabla ya kusifiwa.

Gilgil na Nakuru hazizungumzwi sana na mashabiki wa huku kwetu, na hilo ni kosa kwa anayetaka Jumamosi. Gilgil iko kwenye barabara kuu kati ya Naivasha na Nakuru, jirani na hatua za siku hiyo, na anayelala huko usiku wa Ijumaa huwatangulia wote wanaotoka Naivasha asubuhi. Nakuru ni jiji, vyumba vyake ni vingi, na huwa kimbilio la mwisho Naivasha inapojaa. Mimi ningemshauri anayekwenda na wenzake wenye gari alale usiku mmoja Gilgil na mingine upande wa kusini wa ziwa, ingawa najua wengi hawapendi kufunga mizigo mara mbili.

Mahema yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa vijana wengi huyachagua kwa ajili ya unafuu. Naivasha iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la Ngamiani hushangaa usiku unapoingia, kwani hali ya hewa inaweza kushuka hadi kukaribia nyuzi 10. Shuka na kikoi havitoshi. Unahitaji blanketi zito au mfuko wa kulalia, godoro dogo la kukutenga na ardhi, na hema lenye paa la pili la kuzuia mvua, kwa sababu Machi, mwezi wa mashindano katika miaka ya karibuni, ndipo masika yanapokaribia na mvua moja ya jioni hugeuza vumbi laini la bonde kuwa tope. Jambo la pili ni viboko. Wanyama hao hutoka ziwani usiku kula majani, na kambi nzuri za ufukweni huwa na uzio wa umeme unaowashwa jioni kati ya maji na mahema. Ukifika, omba kuonyeshwa uzio huo kabla ya kusimika hema, ujue unawashwa saa ngapi, na usikubali kupewa nafasi iliyo nje yake hata kama mandhari ni ya kupendeza namna gani. Hifadhi ya Hell's Gate nayo ina maeneo yake ya kupiga kambi, lakini wikiendi ya mashindano taratibu za kuingia hubadilika, hivyo thibitisha na wasimamizi wa hifadhi mapema kwamba utaruhusiwa kulala ndani.

Kuna suala ambalo miongozo ya wageni wengine haiwezi kulitaja na ambalo kwa watu wa Tanga ni la msingi. Mashindano ya 2024 yalikuwa tarehe 28 hadi 31 Machi na ya 2025 tarehe 20 hadi 23 Machi, na yote mawili yaliangukia ndani ya Ramadhani. Mwezi huo hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo angalia kalenda mbili kwa pamoja kabla ya kulipia chumba. Pakiangukiana tena, thamani ya malazi hubadilika kabisa: hoteli inayojivunia kifungua kinywa cha saa moja asubuhi haimsaidii aliyefunga, ilhali nyumba ya kupangisha kwa siku yenye jiko, hata kama kuta zake hazipendezi, humwezesha kupika daku kabla ya kutoka na kuandaa futari anaporudi na vumbi lake. Kundi la watu wanne au watano likichanga kwa ajili ya nyumba ya namna hiyo mara nyingi hulipa kidogo kuliko kwa vyumba tofauti. Anayependa kuwa karibu na msikiti atafute mjini, kwa kuwa kambi nyingi za kando ya ziwa ziko mbali na makazi.

Unapowasiliana na mwenye nyumba, andika ujumbe uliokamilika ili asipate nafasi ya kujibu nusunusu. Unaweza kuandika hivi: "Habari za leo, dada. Sisi ni watu wanne kutoka Tanga, tunakuja kutazama Safari Rally. Tunaomba vyumba viwili vya vitanda viwili viwili kuanzia Alhamisi jioni hadi Jumatatu asubuhi. Tafadhali tutajie bei ya jumla ya siku zote, utuambie kama ni kwa chumba au kwa kila mtu, kama maji ya moto yapo, kama gari litalala ndani ya geti, na kama tutafunguliwa tukitaka kutoka saa kumi alfajiri." Swali hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Ziko gesti ambazo mlinzi hufunga geti na kwenda kulala, ufunguo akiwa nao yeye, na mgeni anayetaka kuwahi hatua ya asubuhi hubaki akigonga mlango wa chumba cha mlinzi huku muda ukienda.

Malipo ya awali hayaepukiki wikiendi hiyo, na wengi hawakubali kuweka nafasi ya usiku mmoja pekee. Tangu 2015 mtumiaji wa M-Pesa wa Tanzania anaweza kutuma fedha kwa M-Pesa ya Kenya, jambo linalorahisisha mambo, lakini pia humrahisishia tapeli. Omba mazungumzo ya video ambamo mwenyeji anatembea na simu kutoka getini hadi chumbani, linganisha jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha malipo na jina alilokupa, tuma sehemu tu ya fedha, na umtake aandike kwa ujumbe kwamba bei haitapanda utakapofika. Bei kupandishwa mlangoni ndilo lalamiko nililolisikia zaidi kwa wenzetu waliokwenda, na aliye na maandishi hubishana akiwa na hoja.

Kuhusu njia, anayepitia Horohoro na Lunga Lunga anaweza kutumia barabara ya Dongo Kundu, inayoepusha feri ya Likoni na kumtoa upande wa Miritini, Mombasa, kilipo kituo cha treni ya SGR ya kwenda Nairobi. Anayeishi Korogwe au Lushoto huona nafuu kupitia Arusha na Namanga. Kwa njia yoyote ile chukua pasipoti au hati ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo maofisa wa afya wanaweza kuidai wakati wa kurudi.

Hesabu ya siku za kulala iishie Jumatatu. Hell's Gate ikimalizika Jumapili mchana, jioni hiyo barabara ya kusini mwa ziwa hukwama na nauli hupanda, kwa hiyo usiku huo mmoja wa ziada huzuia gharama kubwa zaidi. Kata tiketi ya treni ya Jumatatu usiku badala ya ile ya mchana, ili hata ukichelewa kutoka Naivasha ufike kituoni Nairobi kabla haijaondoka.