Kupanga mkao kwenye baiskeli ya kushindana na saa: anza na siti

Mtu akipata baiskeli ya kushindana na saa, yaani ya mbio za kukimbia peke yako dhidi ya muda, mkono wake unakimbilia mbele. Anashusha usukani hadi mwisho, anapigwa picha ya ubavuni, anaona mgongo umelala vizuri, anaridhika. Akiingia barabarani, haupiti muda kichwa kinainuka, viwiko vinatoka kwenye pedi, mikono inarudi kwenye breki. Mkao ule wa pichani haupo tena.

Nimewapangia wenzangu baiskeli nyingi, na ninalolishikilia ni hili: tunatafuta mkao unaoweza kukaa nao mpaka mstari wa kumalizia. Kwenye tambarare, ukiwa kilomita 40 kwa saa, nguvu zako nyingi zinaishia kwenye hewa, na kinachoizuia hewa kuliko baiskeli yenyewe ni mwili wako. Mwaka 1989 mwendesha baiskeli Greg LeMond alitumia erobaa (vishikio virefu vya mbele vinavyokulaza juu ya viwiko) katika hatua ya mwisho ya Tour de France, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, akaondoa pengo la sekunde 50 na kumshinda Laurent Fignon, aliyekuwa akiongoza, kwa sekunde 8 katika jumla ya mashindano. Faida ya namna hiyo anaipata anayebaki chini njia nzima. Kila unapoinuka kupumzisha shingo, unairudisha.

Kabla ya kulegeza bolti yoyote, bandika utepe kwenye kila kinachosogea na uandike vipimo vya sasa: kutoka kwenye ekseli ya kranki (mikono inayobeba pedali) hadi juu ya siti, kutoka ncha ya siti hadi katikati ya pedi za viwiko, na pedi ziko chini ya siti kwa kiasi gani. Funga baiskeli kwenye stendi ya mazoezi, kisha hakikisha kwa pimamaji kwamba magurudumu yote mawili yako usawa mmoja. Gurudumu la mbele likiwa chini kidogo tu, kila utakachokipanga baada ya hapo kitakudanganya.

Sasa siti, na hapa usiwe na haraka. Urefu kwanza: pedali ikiwa chini kabisa na kisigino kikiwa juu yake, goti linyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha mguu mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo, kama nyuzi 30 hivi. Halafu isogeze mbele. Baiskeli ya kawaida ya barabarani hukuweka kwenye pembe ya nyuzi 73 au karibu na hapo, ukipima mstari wa kutoka ekseli ya kranki hadi siti dhidi ya ardhi. Ya kushindana na saa inataka 76 hadi 80. Sababu ni kwamba kifua kikishuka huku nyonga zimebaki nyuma, paja linagonga tumbo kila pedali inapofika juu, pumzi inabanwa na mgongo wa chini unaanza kulalamika. Fikiria mshale wa saa: urefu wake haubadiliki, unazungushwa tu kuelekea mbele. Ndivyo mwili mzima unavyozungushwa kwenye ekseli ya kranki.

Ili ujue ulipo, ning'iniza timazi kwenye ncha ya siti (uzi uliofungwa nati unatosha) na upime uzi unapita umbali gani kutoka kwenye ekseli. Kila sentimita unayosogea mbele inakukaribisha na pedali, kwa hiyo pandisha siti milimita 2 au 3. Kama utashindana chini ya sheria za UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, zisome kabla ya kukaza, maana umbali huo hupimwa. Traiathloni (mbio za kuogelea, baiskeli na kukimbia) huwa na uhuru zaidi.

Ukiinama hivi hukalii tena ile mifupa miwili ya makalio. Uzito unahamia mbele, kwenye mifupa iliyo pembeni ya sehemu za siri, ndiyo maana siti nyembamba yenye pua ndefu inaumiza. Tafuta yenye pua fupi, au iliyopasuka katikati. Inamishe mbele nyuzi 1 hadi 3, si zaidi. Ukizidisha unateleza na mabega yanabeba mzigo wa kukusukuma nyuma. Na ganzi usiivumilie hata kidogo. Watu wanaambiana eti utazoea. Ganzi ni mishipa inayobanwa. Shuka, badilisha mwinamo, na isipotoka badilisha siti.

Nyonga zikitulia ndipo uende mbele. Pedi zikae chini ya kigasha, karibu kabisa na kiwiko, na mkono wa juu ushuke kutoka begani ukikaribia pembe mraba na kiwiliwili. Hapo mfupa ndio unaokubeba, misuli inapumzika. Pedi zikiwa mbali sana unaning'inia. Zikiwa karibu sana unajikunja. Anza na upana wa mabega, uzibane pole pole baadaye ikiwa pumzi inaruhusu. Ncha za erobaa ziinuke kidogo, nyuzi 10 au 15, viganja vishike bila kukaza.

Mwenzangu mmoja alikuja analalamika shingo. Alikwishapandisha pedi kwa spesa (vipande vya kuwekwa chini ya pedi kuziinua) zote alizokuwa nazo na maumivu yakabaki. Nilimwomba apige pedali, nikaangalia nyonga: siti ilikuwa imeinuka pua, kwa hiyo alikunja fupanyonga nyuma, mgongo ukawa na nundu, na shingo ikalazimika kupinda kupita kiasi ili aone mbele. Tulilaza siti, tukaisogeza mbele, tukaondoa nusu ya spesa. Akakaa chini zaidi ya alivyokuja, na shingo ikanyamaza.

Kama paja bado linagonga, usikimbilie kuinua pedi. Kranki fupi, tuseme ya milimita 165 badala ya 172.5, hufungua nyonga pale juu. Pandisha siti kwa milimita zilezile ulizopunguza.

Jipashe moto dakika kumi kabla ya kujihukumu, kisha simu irekodi kutoka ubavuni, usawa wa nyonga. Tazama kama unateleza mbele na kujirudisha nyuma mara kwa mara. Huo ni ugomvi wa siti, si wa pedi. Badilisha kitu kimoja, spesa moja ya milimita 5 kwa wakati, na ukaze bolti kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kifaa chenyewe.

Stendi haiyumbi, barabara inayumba. Jaribio la mwisho lifanye kwenye barabara tulivu, peke yako, kwa sababu ukiwa kwenye erobaa breki ziko mbali na vidole na hupaswi kuwa nyuma ya gurudumu la mtu. Kunywa maji, geuza kichwa, pita kona. Baiskeli ikitapatapa, rudisha spesa moja au panua pedi kidogo, uende tena.