Goti la Mama wa Masasi na Viza ya Matembezi

Usimlete mama Uingereza kwa viza ya matembezi ukitumaini atabadilishwa goti bure. Ndugu wa nyumbani wanajua huko matibabu ni ya serikali. Kweli, kwa mkazi. Mgeni nchini England hutozwa asilimia 150 ya bei ya NHS, huduma ya afya ya serikali, na tangu Oktoba 2017 upasuaji usio wa dharura hulipiwa kabla. Goti lililosagika si dharura, hata kama mama halali usiku.

Watu huponzwa na daktari wa mtaa. Yeye ni bure, anaandika rufaa kwa upole, mnajiona mmeshapita. Hamjapita. Mapokezi watamwita mama "mpenzi", huku ofisi ya ndani inachapa bili. Ile ada ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka uliyolipa kwenye viza yako ya kuishi ni yako, haimgusi mama. Narudia, haimgusi. Deni la pauni 500 likikaa miezi 2, Wizara ya Mambo ya Ndani inaarifiwa, na viza yake inayofuata inaweza kukataliwa. Waingereza wana adabu sana, ila adabu si msamaha wa deni.

Viza ya matibabu ipo, hadi miezi 11, kwa barua ya daktari na ushahidi wa fedha. Kwa wengi, MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili pale Dar, inatosha. Aanzie Mtwara, hospitali ya mkoa ya Ligula au ya kanda Mitengo, na eksirei ya goti apigwe akiwa amesimama. Akilala, mifupa inaachana na ugonjwa unaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Kama gegedu, ule utando laini wa ncha za mifupa, limeisha upande mmoja tu na kano ni nzima, ulizeni goti nusu, yaani kubadilishwa upande huo tu. Mtu mwenye matege ambaye bado ana nguvu za shamba la korosho anaweza kukatwa muundi na kunyooshwa, abaki na goti lake. Pande zote zikiisha, ni goti zima: ncha za mifupa huchongwa, huvikwa chuma kwa saruji maalumu, katikati plastiki ngumu. Kuoshwa goti kwa kamera hakutibu usagikaji, msilipie. Kijana wa seli mundu mwenye maumivu ya nyonga asiambiwe ni baridi. Huenda kichwa cha paja kimekosa damu, na kikishabonyea, dawa yake kwa kawaida ni nyonga bandia.

Kabla ya kisu: jino bovu, mkojo mchafu na kidonda vitibiwe, sukari ishuke. Kiungo bandia kikiingia vijidudu huenda kikang'olewa. Pigeni picha stika za vipuri vya kiungo hicho. Atakayerudia upasuaji atazihitaji.

Basi la Masasi lisubiri, damu huganda miguuni wiki za mwanzo. Aliyewekwa nyonga bandia asikalie mbuzi ya nazi: magoti yanapanda juu ya kiuno na nyonga inaweza kuchomoka. Kigoda nacho vivyo hivyo, na choo cha kuchuchumaa. Aswali kwenye kiti.

Wa goti, shangazi atamwekea mto chini yake kwa huruma. Uondoeni. Goti likizoea kupinda halinyooki tena, na mama atachechemea na goti la mamilioni. Mto ukae chini ya kisigino.