Baba alikuwa injinia wa meli: namna ya kuandika maisha yake

Kabla hujaandika neno lolote kuhusu tabia yake, tafuta kitabu chake cha baharia.

Mimi nilianza vibaya. Wiki moja baada ya mazishi nilikaa nikaandika kurasa sita: alikuwa mchapakazi, alitupenda, hakuchoka kusaidia watu. Nilimsomea dada yangu. Alilia, akafuta machozi, kisha akasema, "Lakini huyu anaweza kuwa baba wa mtu yeyote." Alisema kweli. Baba yetu alitumia zaidi ya nusu ya maisha yake ya utu uzima katika chumba cha injini, na kwenye kurasa zangu sita hakukuwa na hata pampu moja.

Kitabu cha baharia kinataja kila meli aliyopanda: jina lake, cheo alichokuwa nacho, tarehe na bandari aliyopandia, tarehe na bandari aliyoshukia. Kama kimepotea, tafuta mikataba ya kazi, vyeti vyake vya umahiri na bahasha za barua zenye mihuri ya posta. Kisha fungua daftari jipya na uchore mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika meli. Kulia andika yaliyokuwa yakitokea nyumbani siku hizohizo: nani alizaliwa, nani aliugua surua, nani alifanya mtihani, lini mlihama nyumba. Usiruke hatua hii hata kama unadhani unayakumbuka yote.

Nakwambia hivyo kwa sababu miaka yote niliamini kwamba Baba hakuwapo siku nilipoanza shule. Nilikuwa nimelibeba jambo hilo moyoni kama deni. Kitabu kikanionyesha kwamba alishuka melini siku nne kabla. Nilimuuliza Mama, naye akanieleza kwamba Baba ndiye aliyenishika mkono hadi mlangoni. Kwamba aliomba kuteremshwa mapema, na akakubali kulipa kwa mkataba mrefu uliofuata. Nilirudi kwenye daftari. Mikataba yake mingine ilikuwa ya miezi sita au saba. Ule uliofuata ulikuwa wa miezi kumi na mmoja. Niliikumbuka ile miezi kumi na mmoja, nikasahau ile asubuhi iliyoizaa.

Ukishapata majina ya meli, tafuta namba zake. Jina la meli hubadilika kila inapouzwa, na bendera pia, lakini namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, hubaki na meli ileile tangu inapoundwa hadi inapovunjwa. Utaratibu huo ulipitishwa mwaka 1987, ukawa wa lazima mwaka 1996 kwa meli za mizigo za kuanzia ukubwa wa 300 na za abiria za kuanzia 100, kwa kipimo cha ujazo wa meli kiitwacho gross tonnage. Namba ina tarakimu saba. Kama mwandiko umefifia, unaweza kuhakiki ulichosoma: zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, ujumlishe, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na tarakimu ya saba. Chukua 9074729. Unapata 63, 0, 35, 16, 21 na 4. Jumla ni 139. Inaishia na 9, kwa hiyo umesoma sawa. Kwa njia hii nilipata picha za meli tatu za Baba ambazo zilikuwa zimekwisha kubadilishwa majina.

Sasa kazi yenyewe. Mjukuu atakayesoma maandishi yako huenda hatakanyaga chumba cha injini maisha yake yote, kwa hiyo mfikishe huko. Cheo kitakusaidia kujua saa zake. Kwa desturi ya zamani ya zamu, injinia wa tatu hukaa saa sita hadi saa kumi, wa pili saa kumi hadi saa mbili, wa nne saa mbili hadi saa sita, mchana na usiku vilevile. Chifu, yaani injinia mkuu, kwa kawaida hana zamu, ila lolote likiharibika ni lake. Baba alipokuwa injinia wa pili, basi, alikuwa macho kila alfajiri tulipokuwa tumelala. Kwenye meli nyingi za baadaye hakuna anayekesha chini usiku. Injinia wa zamu hulala na kengele ya tahadhari chumbani mwake, nayo ikilia huvaa ovaroli na kushuka.

Eleza injini kwa maneno ya nyumbani. Mafuta mazito yakipoa huwa kama lami, kwa hiyo lazima yachujwe na kupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 100 ndipo yaweze kunyunyizwa ndani ya silinda. Injini kubwa ya meli ya mizigo huzunguka polepole, kiasi cha mara mia moja kwa dakika au pungufu, na kwenye zile kubwa kabisa pistoni moja ina upana unaokaribia mita. Joto hupita nyuzi 40 meli ikiwa katika bahari za joto. Kelele hupita desibeli 100, hata watu huongea kwa ishara za mikono.

Hapo ndipo kazi na ubaba hukutana, na ndipo ninapokuomba uandike kwa kirefu. Kila Baba aliporudi, wiki ya kwanza alizungumza kwa sauti kubwa mno. Sisi watoto tulidhani ana hasira, tukawa tunamkwepa. Mama alimgusa tu kiwiko, naye akashusha sauti. Pia alikuwa na mazoea ya kuweka ncha ya bisibisi kwenye feni au jokofu na mpini wake sikioni, akafumba macho. Ndivyo mainjinia wanavyosikiliza beringi ikianza kuchoka. Nilipokuwa na kikohozi aliweka sikio mgongoni mwangu, akafumba macho vivyo hivyo, akakaa kimya muda mrefu kuliko daktari yeyote. Tafuta mambo ya namna hiyo. Uliza ndugu zako wote. Kila mmoja ana lake.

Watafute na aliofanya nao kazi, mapema, maana nao ni wazee. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, watakujibu kwa heshima tu na hutapata kitu. Waulize mlikuwa zamu gani, nini kiliharibika, mlikitengeneza kwa muda gani, yeye alisimama wapi. Mzee mmoja aliyekuwa injinia wa nne chini ya Baba alinisimulia usiku walipozima injini katikati ya bahari wabadilishe ringi za pistoni, meli ikielea bila nguvu huku ikilala upande huu na ule. Alipomaliza kusimulia vifaa na saa, akaongeza kama jambo dogo: "Tukisubiri silinda ipoe, yeye alikaa anasahihisha hesabu za mtoto."

Mtoto huyo ni mimi. Nilikuwa nikimtumia karatasi zangu za kuzidisha kwa posta, naye akizirudisha na alama, pamoja na mstari mmoja wa maelezo penye kosa. Ninazo kumi na nne. Karibu kila moja ina alama ya kidole gumba cha mafuta pembeni.

Kwa hiyo, karatasi za namna hiyo usizisafishe. Usipitishe kitambaa chenye maji, usibandike utepe wa gundi palipochanika. Toa pini na klipu za chuma kwa sababu hutia kutu, piga picha kila upande karibu na dirisha bila mwanga mkali wa taa, kisha weka karatasi nyeupe kavu kati ya moja na nyingine. Kama kuna kanda za kaseti, zihamishe kwanza kabla ya kitu kingine, utepe huharibika. Nakala ziwe tatu, moja ikae nyumba nyingine.

Andika pia alichokosa. Mama yake alifariki yeye akiwa safarini, akafika nyumbani miezi miwili baadaye. Hakusema mengi. Alitoa cherehani ya Bibi, akaifungua skrubu kwa skrubu, akasafisha, akatia mafuta, akairudisha ilivyokuwa. Ilimchukua siku mbili. Nilijaribu mara kadhaa kueleza alichokuwa akihisi, nikafuta kila mara. Nimeacha cherehani tu.

Ukitakiwa kusoma mbele ya watu, chagua zamu moja na siku moja ya nyumbani, isizidi dakika tano. Orodha ya meli na vyeti ibaki kwenye daftari.

Daftari lenyewe lizungushe kwa familia, na uache nafasi upande wa kulia. Langu lilirudi na mwandiko wa kaka yangu kwenye mstari wa meli ya nne, mahali ambapo mimi sikuwa na la kuandika: "Likizo hii alinifundisha kufunga nati. Kwanza kwa vidole mpaka ikubali, spana baadaye."