Kukagua glaida (ndege isiyo na injini): kipi kimepimwa, kipi kimesemwa tu

Ukiambiwa "glaida hii ni imara", uliza: umejuaje? Blanik L-13, aina moja ya glaida, ni ya metali, mita 16.2 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Hilo ukivuta utepe utalithibitisha. "Imara" ni maoni. Mwaka 2010, huko Austria, bawa la L-13 lilikatika angani kwa uchovu wa metali (nyufa zinazokua kwa mzigo wa kurudiarudia) kwenye mhimili mkuu wa bawa, watu wakafa.

Basi anza na daftari la ndege: saa za kuruka, idadi ya miruko, sarakasi za angani. Pengo kwenye daftari si ushahidi wa usalama. Kisha mulika tochi kwenye ribiti (misumari inayoshikilia mabati) karibu na shina la bawa, pale linapoungana na mwili wa ndege. Ufa wa ndani hauonekani kwa macho, hata rangi ing'ae vipi. Mwite fundi mwenye vifaa vya kuupima.