Somo: Jua halizami Manda (namna ya kuanza hadithi)

Juzi kijana mmoja alinisomea hadithi yake tukiwa tumekaa ufukoni, Lamu mjini. Ikaanza: "Jua lilikuwa likizama taratibu nyuma ya Manda..." Nikamwambia ainue macho. Manda, kile kisiwa cha ng'ambo, iko mashariki yetu. Jua huchomoza huko. Na yeye kazaliwa hapa hapa! Kalamu tu ilishika njia iliyoizoea. Sina la kumcheka, maana hadithi zangu tatu za mwanzo zote zilifunguliwa na adhana ya alfajiri.

Kwanza, mwanzo usikuhangaishe. Andika huo huo wa jua, wa jogoo au wa mvua, uendelee mpaka rasimu iishe.

Pili, rudi utafute pale jambo la kila siku linapokwenda kombo. Kwa kijana wetu lilikuwa aya ya nne. Tukafuta jua, tukafuta na upepo wa kusi (aliupenda, akanuna kidogo), ikabaki hivi:

"Punda alifika peke yake, magunia mawili ya mchanga mgongoni. Mama aliyashusha, akampa maji, kisha akasimama na pesa mkononi, hajui amlipe nani."

Tazama hizo pesa. Hakuna aliyesema mwenye punda kapatwa na jambo, lakini msomaji keshaanza kumtafuta.

Tatu, na hapa ndipo wengi hujikwaa: wakikimbia jogoo, huangukia maiti. Yowe, damu, halafu "miaka 10 kabla ya hapo". Hilo nalo ni jogoo, limebadilisha manyoya tu. Ziangalieni nyumba za kale za Mkomani, mtaa wa hapa Lamu mjini. Kuna daka (kibaraza cha mlangoni) lenye viti vya mawe, halafu tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia) iliyopinda ili mpita njia asione kiwanda, yaani ua wa ndani. Mgeni hajaonyeshwa ya ndani, ila hakuachwa juani; kapata pa kukaa. Msomaji naye mpe pa kukaa: nani yupo, yuko wapi, anataka nini sasa hivi. Ya baba yake na deni la shamba yangoje.

Nne, soma kwa sauti.

MASWALI

Maalim, "Paukwa! Pakawa!" nayo tuitupe?

La. Ile ni ahadi ya msimulizi na wasikilizaji, anaita, wanaitikia. Kwenye karatasi hakuna wa kuitikia, kwa hiyo itumie ikiwa ina kazi. Bibi anaita "Paukwa!", na mjukuu aliyezoea kujibu kwa sauti kubwa kuliko wenzake leo hayupo. Hapo nitasoma.

Sentensi ya kwanza iwe fupi?

Iwe ya hadithi hiyo. Urefu haunishughulishi.

Mimi ni wa Shela, hapa hapa kisiwani Lamu, naandika kama tusemavyo. Kaka yangu yuko Dodoma, aliposoma mwanzo wangu, mama anamwita mtoto "Ndoo!", akadhani anaagiza ndoo ya maji. Nibadilishe?

Nimecheka peke yangu! Usibadilishe, mwanangu. Mama wa Shela akisema "njoo" atakuwa mama wa kitabuni. Mpe mtoto mwendo: "Ndoo!" mama aliita, na mtoto akaja mbio, viatu mkononi. Kaka ataelewa bila kufafanuliwa. Ila lugha ya msimulizi ichague mapema. Ukianza na "ndia" usinigeuzie "njia" ukurasa wa pili.