Somo: Kuunganisha mahitaji ya DOORS na modeli ya SysML bila kupoteza viungo

Timu inayoandika mahitaji (sentensi za mambo ambayo mfumo lazima uyatimize) kwenye DOORS, programu ya kutunza mahitaji, na timu inayochora mfumo kwenye Cameo Systems Modeler, programu ya kujenga modeli kwa SysML, yaani lugha ya kueleza mifumo kwa michoro, huzungumzia gari lile lile, lakini kila moja hubaki na nakala yake. Nakala hizo zisipotunzwa huachana taratibu, mpaka mhandisi anajikuta anasanifu breki kwa kufuata sentensi iliyokwisha kufutwa. Somo hili linaeleza namna ya kuziunganisha kwa faili la ReqIF, muundo wa kubadilishana mahitaji kati ya programu, ambalo programu zote mbili hulielewa.

Hatua ya 1: Amueni nani mwenye nini. Kabla ya kugusa kitufe chochote, andikeni kwenye ukurasa mmoja kila taarifa inamilikiwa upande gani. Ushauri wangu ni kwamba maneno ya hitaji, namba yake na hali ya idhini vibaki mali ya DOORS, na viungo vya kuonyesha ni sehemu gani ya mfumo inatimiza hitaji gani viwe mali ya modeli. Taarifa yenye wenyewe wawili haina mwenyewe, na karibu kila mvurugano wa kusawazisha ninaouona huanzia hapo.

Hatua ya 2: Gawanyeni mahitaji yaliyobebana. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa. Chukueni kanuni ya Marekani FMVSS 135 kuhusu breki za magari mepesi, ambayo hata waandishi wa SysML waliichukua kama mfano. Inadai kwamba masta silinda, kifaa kinachosukuma mafuta ya breki, iwe na chumba cha mafuta kwa kila sehemu ya breki inayoihudumia, na tena kwamba mafuta yakipotea katika chumba kimoja, chumba kingine kisiishiwe kabisa. Ukiyaacha madai hayo katika hitaji moja, kiungo kimoja kitadai kuyatimiza yote, ilhali la kwanza huthibitishwa kwa kukagua kifaa, na la pili kwa kumwaga mafuta ya chumba kimoja na kuangalia kinachobaki katika kingine. Yatenganisheni huko huko DOORS, kila moja lipate namba yake, kwa sababu mkiyatenganisha ndani ya modeli mtakuwa mmezalisha mahitaji ambayo mwenye mali hayajui.

Hatua ya 3: Chagueni namba isiyobadilika. Namba ya kichwa kama 4.2.1 husogea mara tu aya mpya inapoingizwa juu yake, kwa hiyo haifai. Tumieni namba ya kudumu ambayo DOORS hukipa kila kipengele, kwani haibadiliki kipengele kikihamishwa ndani ya moduli (hati moja ya mahitaji ndani ya DOORS), wala haitumiki tena kikifutwa. Tahadhari ni kwamba namba hiyo ni ya pekee ndani ya moduli moja tu. Moduli mbili zinaweza kuwa na 17 kila moja, hivyo tangulizeni kifupisho cha moduli, kwa mfano BRK-17.

Hatua ya 4: Fungeni toleo, kisha toeni faili. ReqIF ilianzia kwa watengenezaji magari wa Ujerumani kwa jina la RIF, na shirika la OMG, ambalo pia hutunza SysML, likaifanya kiwango mwaka 2011. Ndani yake kila hitaji hubeba kitambulisho na tarehe ya badiliko la mwisho. Toeni faili kutoka kwenye toleo lililofungwa, si kwenye moduli ambayo watu bado wanaihariri.

Hatua ya 5: Ingizeni kwenye kifurushi cha peke yake katika modeli, mkizuia kisihaririwe, kisha chora viungo. Mshale wa «satisfy» (hutimiza) hutoka kwenye sehemu ya mfumo kwenda kwenye hitaji, na wa «verify» (huthibitisha) hutoka kwenye jaribio kwenda kwenye hitaji.

Hatua ya 6: Jaribuni uingizaji wa pili kabla ya kazi halisi. Badilisheni neno moja kwenye DOORS, hamisheni hitaji moja na futeni jingine, kisha ingizeni tena. Viungo vya mawili ya kwanza lazima vibaki mahali pake. Lililofutwa lisiondolewe kimyakimya, bali liwekewe alama, ili mwenye usanifu aone ni kazi ipi imebaki bila sababu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Kwa nini tusiruhusu kuhariri pande zote mbili, kisha programu ilinganishe tarehe?

Jibu: Ndugu yangu, tarehe itakuambia ni badiliko lipi lilikuja mwisho, haitakuambia ni lipi lililoidhinishwa. Mchora modeli akiona kosa, alete pendekezo kwa mwenye hitaji, nalo lirudi kwake kupitia uingizaji unaofuata.

Swali: Sisi ni wanafunzi, leseni za programu hizo hatuziwezi. Tuanzie wapi?

Jibu: Jaribuni Capella, programu huria iliyoanzia kampuni ya Thales. Ina nyongeza ya mahitaji inayopokea faili la ReqIF. Haifuati SysML moja kwa moja, ina lugha yake, lakini hatua ya 1 hadi ya 3 zitawafaa vile vile.

Swali: SysML toleo la 2 limepitishwa na OMG mwaka 2025. Je, tusubiri?

Jibu: Msisubiri. Toleo hilo lina njia sanifu ya programu kuzungumza na modeli, jambo litakalopunguza kazi ya mafaili, lakini halitawaamulia nani anamiliki nini.

Swali: Baada ya kuingiza, majedwali na picha zilizokuwa ndani ya mahitaji zimepotea. Tumekosea wapi?

Jibu: Huenda hamkukosea. ReqIF inaweza kubeba maandishi yenye mpangilio na picha, lakini katika SysML toleo la 1 maneno ya hitaji ni mfuatano wa herufi tu, kwa hiyo mpangilio unaweza kupotea. Jedwali lenye thamani ambazo usanifu unazitegemea ligawanyeni kuwa mahitaji, kila mstari namba yake. Picha za kufafanua ziacheni DOORS, na kwenye modeli wekeni anwani ya hitaji ili msomaji azifungue huko.