Namna ya kubishana kuhusu viwanda vya Marekani bila kufukuza wateja

Ukija kwenye meza yangu hapa soko la Mlango Mmoja, Mwanza, kubishana kama Trump na wanasiasa wenzake wanaweza kurudisha ajira za viwandani Marekani, nitakupa kwanza suruali ya jinzi ya mtumba usome lebo. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu kubwa ni kupunguza viuno na kukata miguu ya suruali ambazo Wamarekani wamezichoka. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa mashine za kufuma kwenye kiwanda cha nguo hapa hapa Mwanza, enzi pamba ya Usukumani ilipokuwa ikifumwa mjini kwetu. Kwa hiyo ubishi huu naupenda kuliko ule wa Simba na Yanga, ila nataka uendeshwe kwa utaratibu, maana vijana wa bodaboda wakianza kupayuka mteja haingii.

Anza na lebo

Jinzi za zamani sana, zile nzito ambazo sindano huvunjikia humo, bado unakuta zimeandikwa kuwa zimeshonwa Marekani. Nyingi zinazofuata ni za Mexico, halafu Bangladesh na Vietnam. Mpangilio huo una miaka yake. Mkataba wa biashara kati ya Marekani, Kanada na Mexico ulianza kazi Januari 1994. China iliingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Kufikia mwanzoni mwa 2004, kampuni ya jinzi ya Levi's walikuwa wamekwisha kufunga viwanda vyao vya mwisho vya kushonea nchini Marekani, vilivyokuwa San Antonio, Texas. Kijana akishika suruali yenyewe mkononi, sauti hushuka kidogo, na hapo ndipo mnaweza kuanza.

Mbane kwenye mwaka

Mtu akisema "ajira zilikwisha" au "ajira zimerudi", muulize anahesabu kuanzia lini. Viwanda vya Marekani vilifikia kilele mwaka 1979, vikiwa na wafanyakazi wapatao milioni 19.5. Mwaka 2000 walikuwa bado karibu milioni 17. Miaka kumi tu baadaye walibaki kama milioni 11.5, na tangu hapo idadi imepanda kidogo bila kuvuka milioni 13. Sasa tazama wanasiasa wanavyochagua. Anayetaka kulaumu mikataba ya biashara huanzia 2000. Anayetaka kumsifu Obama huanzia 2010, pale chini kabisa. Wa Biden huanzia alipoingia madarakani, wakati viwanda vilikuwa bado vinajaza nafasi zilizopotea kwa Corona. Namba zote hizo ni za kweli, na kila mmoja anakuuzia kipande chake. Usimwache mtu aendelee kabla hajataja mwaka.

Kiwanda kikirudi, uliza kinarudi na watu wangapi

Hapa ndipo ninapopoteza muda mwingi, na sijutii. Watu wa kijiweni wanasikia "kiwanda" wanaona geti, king'ora, na mamia ya watu wakitoka zamu na baiskeli. Mimi pia naona hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyoishi. Lakini nimesimama kwenye ukumbi wa mashine za kisasa za kufuma: fundi mmoja anazunguka kati ya mashine nyingi, anashughulikia ile tu iliyosimama. Nyuzi zikikatika, mashine inajizima yenyewe. Zamani kulikuwa na mtu wa kuliona hilo, na huyo mtu alikuwa na mke, watoto na kiwanja Igoma.

Chuma cha Marekani kinaonyesha hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, tani moja ya chuma ilikula takribani saa 10 za kazi. Siku hizi inakula chini ya 2. Ukifufua tanuri leo, watakaoitwa si wale wote walioondoka. Basi akija mtu na ahadi ya mabilioni ya dola ya uwekezaji, mwambie: sawa kaka, nimesikia dola, sasa nitajie vichwa.

Ila usikimbilie kusema roboti ndiyo iliyomaliza kila kitu. Hilo ni jibu la mvivu, na wasomi wetu wa chuo wanalipenda sana. Mchumi Susan Houseman alionyesha kwamba sehemu kubwa ya ule ukuaji wa uzalishaji wanaojivunia inatokana na kompyuta na jinsi ubora wake unavyohesabiwa. Ukiziondoa, ukuaji wenyewe ni mdogo. Na David Autor na wenzake, Dorn na Hanson, walikadiria kuwa ushindani wa bidhaa za China kati ya 1999 na 2011 ulichukua kama ajira milioni moja za viwandani, na ukijumlisha kazi nyingine zilizopotea kwa sababu hiyo zinafika milioni 2 na zaidi. Kilichowashtua wachumi ni kwamba watu hawakuhama kwenda kwenye kazi nyingine kama vitabu vilivyosema. Walibaki palepale, na mji ukadhoofika nao.

Mtu wa Mwanza hahitaji kufundishwa hilo. Muulize yeyote mwenye umri wangu kuhusu 1999, Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria. Haikuwa shida ya wenye viwanda vya minofu peke yao. Muuza barafu aliguswa, fundi mitumbwi, mama lishe wa Igogo, mwenye nyumba za kupanga. Ndiyo maana mzee wa Youngstown, Ohio, bado anaikumbuka Septemba 19, 1977, siku kiwanda kikubwa cha chuma kilipotangaza kufunga na watu wapatao 5,000 wakapoteza kazi. Ukimwambia mzee huyo kwamba fulana sasa ni za bei rahisi, atakutazama tu.

Ushuru: muulize nani anatoa hela mfukoni

Dawa ya Trump ya kurudisha viwanda ni ushuru wa bidhaa za nje, na kwa wafanyabiashara wetu hili halina ugumu. Anayeleta mabelo kupitia bandari ya Dar es Salaam ndiye anayelipa ushuru, kisha anautafuta kwa mteja. Muuzaji wa kule nje halipi chochote, labda ashushe bei ili asikimbiwe. Marekani ni hivyo hivyo. Mfano wa kubebea mfukoni: Januari 2018 Trump aliweka ushuru kwa mashine za kufulia kutoka nje. Watafiti walikuta bei zimepanda karibu asilimia 12, na mashine za kukaushia nazo zikapanda ingawa hazikuwekewa ushuru, kwa kuwa huuzwa pamoja. Ajira zilizopatikana zilikuwa kama 1,800, na kila moja iliwagharimu wanunuzi zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka.

Mpinzani akikujibu kwamba chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, chini ya Shawn Fain, kiliunga mkono ushuru wa magari mwaka 2025, usibishe, ni kweli. Si wajinga hao. Wamehesabu kwamba gharama itatawanywa kwa mamilioni ya watu na kazi itabaki kwao. Mimi ningekuwa kwenye mashine yangu bado, huenda ningepiga makofi pia.

Usiwagawe kwa vyama

Ukidhani Republican, chama cha Trump, wanataka ushuru na Democrat, chama cha Biden, hawautaki, utaaibika mapema. Biden aliuacha ushuru mwingi wa Trump dhidi ya China, na mwaka 2024 akapandisha ule wa magari ya umeme ya China hadi asilimia 100. Mwaka 2022 alisaini sheria ya kuwapa fedha wanaojenga viwanda vya chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha kompyuta na simu. Sababu haiko mbali: Michigan, Pennsylvania na Wisconsin, majimbo ya viwanda, yalimpa Trump urais 2016, Biden 2020, na Trump tena 2024. Mwaka 2016 Michigan iliamuliwa kwa kura zisizofika 11,000. Kura hizo unazipata Buzuruga na Mabatini.

Na sisi tunaingia wapi?

Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba taratibu ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Mwaka uliofuata, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kilipeleka malalamiko serikalini kwao, kikidai kwamba ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 ikaondolewa kwenye nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Maana yake, wanaotetea ajira za Marekani wanawahesabu pia wanaochambua na kufunga hii jinzi ninayoikata miguu. Mimi niliyepoteza kazi ya kufuma ndiye ninayekula kwa mitumba hiyo, kwa hiyo msinitake nichague upande haraka haraka.

Mkiwekeana dau

Takwimu za ajira za Marekani hutoka mara nyingi Ijumaa ya kwanza ya mwezi: kwa saa zetu ni saa 9:30 alasiri, au saa 10:30 wao wakiwa kwenye majira ya baridi. Vijana hushangilia jumla kuu. Nyinyi shukeni mpaka kwenye mstari wa viwanda, na hela ya dau ashike mtu wa tatu, kwa sababu namba hiyo hurekebishwa miezi inayofuata na aliyeshinda leo anaweza kudaiwa.